Kipimo cha Kupandia Mlima

Kilosa, 11 Julai 1999

Mwanangu mpendwa Koileken,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mikumi ulipo. Mimi mama yako Naanyu ni mzima, miguu tu inawaka jioni kama kawaida yangu. Baba yako Meshaki anakusalimu, amekaa hapa karibu ananiuliza nimefika wapi, na mimi nimeandika jina lako tu. Bibi yako Namelok anakusalimu, masikio yamezidi kuziba lakini jina lako analisikia hata likisemwa nje ya boma. Dada yako Beatrice anakusalimu, siku hizi anaimba kwaya na anatuimbia hata tusipotaka. Mjomba wako Kakuta anakusalimu, na wake zake wote wawili, kila mmoja amesema nitaje salamu zake kivyake. Hata yule ng'ombe wako mweusi nakusalimia kwa niaba yake, maana amezaa, dume. Shikamoo yako kondakta aliifikisha. Marahaba mwanangu.

Barua naandika mwenyewe. Beatrice alitaka kuniandikia nikakataa, maana Beatrice huandika anayotaka yeye. Ile elimu ya watu wazima haikupotea bure, ila wewe soma polepole.

Sasa neno lenyewe. Ni lile gari la mjomba wako. Tangu hii biashara huria iingie watu wanauza ng'ombe wananunua magari yaliyochoka huko Ujapani, na mjomba wako hakubaki nyuma. Alilipenda hilo kwa sababu lina ile mashine ya kusukuma upepo kwenye injini, mnaiita turbo, na mwenyewe wa kwanza alilichezea likawa na nguvu kupita lilivyozaliwa. Linabeba madebe ya maziwa na mbuzi wa mnadani, linapanda bila kuhema, hilo analisifu. Lakini linakunywa, mwanangu. Linakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka mbugani, na moshi mweusi nyuma. Juzi alisema hapa, mbele ya baba yako na wageni wa kanisani, kwamba amempa mtoto wa dada yake gari alishike, na labda mtoto ana urafiki na wenye sheli. Alisema akicheka. Baba yako hakucheka. Aliweka kikombe chini, chai ikapoa hapo hapo, na unamjua baba yako na chai.

Unakumbuka ulivyoondoka hapa. Mjomba ndiye aliyesema mtoto aliyeacha ng'ombe kwa ajili ya grisi asihesabiwe. Leo amekupa gari lake mwenyewe. Mimi nimeona mlango umefunguka, sitaki ufungwe na petroli. Anasema kuna kisanduku chenye vifundo, ukizungusha huku linakunywa sana, ukizungusha kule linakunywa kidogo. Kizungushe kule. Nijibu upesi.

Mama yako,
Naanyu


Mikumi, 1 Agosti 1999

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo baba, shikamoo bibi, na shikamoo nyingi kwa mjomba na nyumba zake zote mbili ili pasiwe na ugomvi. Beatrice asiache kwaya. Mimi ni mzima. Hapa gereji tajiri yangu Beda anakusalimu, na Teresia wa mgahawani ambaye barua zako hupitia kwake. Mafundi wenzangu wananiita Laiboni, kwa sababu natazama moshi wa gari halafu nataja ugonjwa. Nimewazoea.

Mama, kisanduku kipo kweli, na vifundo vipo. Nakueleza vizuri ili umweleze mjomba. Gari likitembea tambarare, lenyewe linaonja moshi wake. Kuna kifaa cha kuonjea kimefungwa kwenye bomba la moshi. Mafuta yakizidi linapunguza, yakipungua linaongeza. Hapo hata nikizungusha, baada ya muda linarudisha lenyewe. Lakini likipanda na mzigo, turbo ikasukuma hewa nyingi, linaacha kuonja. Linamwaga kwa kile kipimo alichoweka fundi tu. Kwa hiyo mahali ninapoweza kumwokolea mjomba mafuta ni pale kwenye kupanda, na pale pale ndipo penye hatari. Yale mafuta yanayoonekana ya ziada ndiyo yanayopoza moto ndani. Ukiyakata mno, pistoni inayeyuka kama mshumaa.

Nimeshapunguza. Naenda nalo mpaka kwenye mlima, narudi, nafungua plagi naangalia rangi. Zikiwa nyeusi mafuta ni mengi, zikiwa nyeupe ni machache, zikiwa za kahawia ni sawa. Sasa ni za kahawia, na moshi umekuwa wa kijivu. Nimefika hapo, naomba nisivuke. Mwambie mjomba ni mwanzo tu, atazoea.

Mwanao,
Koileken


Kilosa, 22 Agosti 1999

Mwanangu Koileken,

Marahaba, na wote niliokutajia mara iliyopita wanarudisha salamu, sina karatasi ya kuwataja tena. Bibi anauliza kama huyo Teresia ameolewa. Usinijibu mimi, mjibu yeye.

Nilimsomea mjomba wako barua yako yote, mbele ya wageni. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Dada, mtoto wako amejifunza maneno." Halafu akasema kuna fundi wa Morogoro amemwahidi gari litakunywa nusu, na akiona vipi atalihamishia huko, na wewe ubaki na plagi zako. Baba yako alikuwepo. Wageni walipoondoka akaniuliza, "Huyu mtoto anashindana na mjomba wake kwa ajili ya nini?"

Mwanangu, mimi sijui pistoni. Najua kukamua. Chuchu mbili ni za nyumbani, mbili za ndama. Kiangazi maziwa yakipungua, ndama namwachia moja. Siku za kwanza analia na mbavu zinaonekana, halafu anajifunza kula majani. Tangu niolewe hajafa ndama mkononi mwangu kwa hilo. Gari hilo lilidekezwa na Mjapani wake. Lipunguzie, litalia, litazoea. Unaogopa kama Beatrice anavyoogopa anapokamua, anamwachia ndama mpaka sisi tunakunywa chai ya rangi.

Nakuomba kwa maziwa yangu uliyonyonya. Unajua siombi hivi. Fanya, halafu nisikie kwamba umefanya.

Mama yako


Mikumi, 12 Septemba 1999

Mama,

Shikamoo, na wote nyumbani. Nimefanya kama ulivyosema. Mjomba alilichukua gari Jumamosi akaondoka amefurahi.

Mwambie tu asipandishe mlima na mzigo mkubwa huku amekanyaga mpaka chini. Na akisikia mlio mbele kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo, aachie mguu, asimame.

Bibi mwambie Teresia ana wajukuu.

Koileken


Kilosa, 17 Oktoba 1999

Mwanangu, mwanangu,

Salamu kwanza, wote wazima isipokuwa baba yako, nitafika kwake. Bibi alicheka siku nzima.

Koileken, mjomba wako amechinja mbuzi hapa kwetu. Alikaa na baba yako mpaka jua likazama. Anasema gari halitoi moshi hata kidogo na anaipita sheli anawapungia mkono. Alisema mbele ya watu wote, na wale wageni wa kanisani walikuwepo, kwamba ana kiwanja hapo Mikumi kando ya barabara kuu na atakupa ujenge gereji yako. Akasema Krismasi uje, akubariki mwenyewe. Baba yako alikunywa vikombe vitatu. Unaona? Ulikuwa unaogopa bure. Nilitaka nikuambie hilo kwa mdomo nikikushika sikio.

Ule mlio wa kokoto nilisahau kumwambia kwa ile furaha, nitamwambia.

Baba yako anakohoa. Alianza kwa vumbi la mnadani tukadhani kikohozi kitaisha. Sasa anakohoa mpaka anashika nguzo ya nyumba. Dawa tulizopewa hapa amemaliza, wakasema afadhali tumpeleke Berega wakampige picha ya kifua. Mjomba amekubali kutupeleka kwa gari lake, mizigo ya mnadani ikipungua. Kwa hiyo mkono wako utambeba baba yako mpaka hospitali, fikiria hivyo.

Mama yako anayekushukuru,
Naanyu


Mikumi, 24 Oktoba 1999

Mama,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta mkononi na nimemwomba sana. Kabla ya safari ya Berega gari lipite kwangu. Najua ni kuzunguka, na mjomba atanung'unika. Mwambie nataka kukaza breki, mwambie lolote. Nahitaji nusu saa nalo. Kule kwenda Berega kuna vilima, na mtakuwa watu wengi ndani.

Baba asipande kabla sijaliona. Nijulishe siku.

Koileken


Kilosa, 21 Novemba 1999

Mwanangu Koileken,

Tunakusalimu. Mimi, bibi na Beatrice tupo. Baba yako yupo Berega wodini, mimi nimerudi leo kuangalia ng'ombe, kesho kutwa nakwenda tena.

Barua yako ya breki imefika Jumatano. Sisi tulikuwa tumeondoka Jumanne. Mvua ilikata barabara karibu wiki tatu, basi likawa halipiti, kondakta hana kosa.

Gari limekufa. Tulikuwa mimi, baba yako, Beatrice, mjomba na mke wake mdogo, na magunia ya mahindi ambayo mjomba alisema njia ni moja hivyo tuyafikishe. Vilima vilipoanza ulisikika mlio mbele. Beatrice anasema ulikuwa kama kokoto. Mimi nilisikia nikafikiri ni mawe ya barabarani. Mjomba akakanyaga zaidi ili amalize kilima. Likapiga kishindo kimoja, moshi wa buluu ukatujia mpaka ndani, likasimama. Halikuwaka tena.

Mvua ilianza muda si mrefu. Ndani ya gari moshi ulimzidi baba yako, akawa hapumui, ikabidi tumtoe. Tulimfunika mashuka yetu yote chini ya mti, lakini mvua ilikuwa ya upepo. Lori la mbao lilitupakia jioni. Hospitali walimpokea vizuri, wanamhudumia.

Mjomba wako amekasirika. Amelivuta gari kuja huko kwako, labda limekwishafika. Akikufokea usimjibu. Magari huharibika, lilikuwa chakavu, nitamwambia hivyo.

Baba yako anakuulizia. Hasemi mengi, anauliza tu, "Amefika?" Njoo Berega moja kwa moja, usipitie nyumbani. Ukishindwa leta neno upesi kwa mtu yeyote anayekuja huku.

Mama yako


Tunduma, 9 Januari 2000

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako, kwa baba, kwa bibi na kwa Beatrice. Najua nimekaa kimya. Mimi ni mzima. Huku ni mpakani, malori ni mengi, kazi haikosekani. Nalala kwenye nyumba ya fundi mmoja, anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mjomba alilileta gari Mikumi likivutwa na trekta. Alisema tulifungue mbele yake. Nililifungua mwenyewe. Pistoni moja ilikuwa na tundu katikati, unaingiza kidole. Akanieleza baba alivyokaa kwenye mvua na kwamba amelazwa. Mafundi wote walikuwa wamesimama, na Beda, na Teresia ametoka mgahawani na mwiko mkononi. Mjomba alisema nisikanyage bomani mpaka aseme yeye, na kwamba hata baba akiniita, nipite kwanza kwake. Jioni hiyo nilipata lori linalokwenda mpakani.

Mama, usitafute sababu nyingine. Nilikosea kusoma plagi. Nilidhani ni za kahawia kumbe zilikuwa nyeupe. Macho yangu yalinidanganya, basi. Usimruhusu mtu akuambie vingine.

Najua kwa sasa baba atakuwa ametoka hospitali na amerudia chai yake. Mwambie asinikasirikie sana. Mvua zikiisha, mjomba akipoa, nitakuja na nitampeleka mwenyewe Berega kwa basi wakamwangalie kifua tena. Nimemnunulia koti, zito, la huku kwenye baridi.

Mwanao,
Koileken


Kilosa, 6 Februari 2000

Mwanangu Koileken,

Marahaba. Bibi yako anakusalimu. Beatrice anakusalimu. Mjomba wako Kakuta anakusalimu, usishtuke, ni kweli, nitaeleza. Mimi mama yako nakusalimu.

Nimesoma barua yako nikaikunja, nikaisoma tena. Hii nimeanza kuiandika siku nyingi naacha. Naogopa kuituma, maana mpaka uifungue, wewe huko bado una baba. Ni wewe peke yako duniani unaye. Nikiifunga bahasha nitakuwa nimekunyang'anya.

Jina lake sitaliandika, unajua kwetu aliyeondoka hatajwi. Aliondoka Desemba, hapa nyumbani, baada ya Berega kumruhusu, Krismasi ikiwa karibu. Daktari alikuwa ameniambia kile kifua kilikuwa na ugonjwa wa muda mrefu, na kwamba hata gari lingefika salama huenda ingekuwa hivyo hivyo. Ni kweli, au alinihurumia, sijui.

Alipozidiwa nilikuja Mikumi kukutafuta. Teresia alinipa barua yangu mwenyewe, ile ya Novemba, imefungwa kama nilivyoifunga. Akanipa na chakula, sikuweza kula. Nikaenda kwa Beda. Beda hakutaka kusema, nilikaa pale kwenye tairi lake mpaka akasema. Alisema plagi zilikuwa nyeupe na mliziona wote wawili, na alikukataza. Anasema ulizungusha kile kifundo, ukakirudisha, ukaenda kunawa mikono, ukarudi ukakizungusha tena. Akakuuliza unafanya nini. Ukamwambia, "Gari nalijua. Lakini mama ameniomba kwa maziwa yake."

Kwa hiyo macho yako hayana kasoro, mwanangu. Uongo wako nimeupokea, nimejua ulikuwa wa nini. Ila mimi nilikuwa ninajua tayari barua yako ilipofika.

Nilidhani kila kinachonyonya ni ndama. Ndama ukimpunguzia ataona majani, atalamba umande, atakwenda kumwibia mama mwingine. Lile gari halikuwa na pa kwenda. Uliniambia. Uliandika kwa maneno mepesi kabisa, nami nikayasoma kwa sauti mbele ya watu, kisha nikakujibu habari za kukamua. Nililotaka ni wale wageni wa kanisani wasikie umesifiwa. Nilitaka yeye amalize chai yake.

Na mimi nilidanganya. Nilirudi toka Mikumi bila wewe, akauliza, "Amefika?" Nikamwambia uko njiani na gari la mzigo, unakuja. Akasema atasubiri. Alisubiri siku chache. Halafu asubuhi moja akamwita Beatrice, akamwambia afungue viganja, akavitemea mate ya baraka, akasema, "Hii ni ya Koileken. Mpelekee." Basi. Beatrice alikaa amefumba mikono mpaka jua likawa kali, hataki kushika kitu, hataki kunawa, tukamwambia baraka haimwagiki mwanangu, pika chai. Bado anasema iko kwake. Anasema si yake, imemlemea.

Tulipomaliza kuzika nilimwita mjomba wako. Nilimwambia nina neno la kumwambia kuhusu gari. Akasema hataki kusikia habari ya lile gari. Nikamwambia, "Kifundo nilikizungusha mimi. Koileken alikuwa mkono tu." Nikamwambia yote, na ule mlio wa kokoto ambao uliniagiza nimwambie nikasahau kwa ajili ya nyama ya mbuzi wake. Akasema, "Na aliyelalamikia petroli ni nani, si mimi?" Akaondoka hakunywa kitu. Asubuhi alirudi peke yake kwa miguu, akasimama mlangoni akasema, "Mwandikie arudi. Mimi sitakwenda kumsubiri barabarani kama mtu mwema, lakini akija nitampisha kiti." Unamjua. Kwake hayo ni mengi.

Sikuandikii ili unisamehe. Ukinisamehe sawa, usiponisamehe njoo hivyo hivyo.

Sisi wote tumenyoa vichwa. Bibi amenyoa, mimi, Beatrice na nywele zake za kwaya, mjomba pia. Kazi ya mtoto wa kwanza bado inakungoja, zizi halijagawanywa, hakuna aliyegusa fimbo yake. Ng'ombe wanatoka asubuhi wanasimama mlangoni kama wamesahau njia.

Ukimaliza kusoma hapa, tafuta mtu unayemwamini akunyoe. Usinyoe peke yako. Koti livae wewe, huko ni baridi. Halafu niandikie upesi, hata mstari mmoja, uniambie umenyoa, na ni basi gani nimpandishe Beatrice, maana yeye anakuja huko usipokuja huku.

Mama yako,
Naanyu